Limeisha Hilo, Mama

Miaka ile nilikuwa napokea wateja kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji jijini Dar es Salaam. Mbele palikuwa na chumba chenye meza yangu na kompyuta mbili. Nyuma, banda la mashine. Jumatatu moja asubuhi aliingia mama wa makamo, amevaa kitenge kipya, bahasha ya kaki mkononi. Binti yake alikuwa anaolewa. Alitaka kadi za mwaliko 250, rangi nne, karatasi nene inayong'aa, kila kadi na bahasha yake. Na alizitaka Alhamisi, kwa sababu jioni hiyo kamati ya harusi ingekaa kikao cha mwisho, na kila mjumbe angeondoka na fungu lake la kadi za kusambaza.

Sikuinuka kitini. Sikufungua mlango wa banda. Nilimtazama, nikaiona furaha yake, nikatamani kuiongeza, nikasema: "Limeisha hilo, mama."

Nyuma ya mlango ule mashine ilikuwa imeshikwa na mitihani ya shule mbili. Karatasi nene ilikwisha tangu Ijumaa. Kisu cha mashine ya kukatia kilikuwa kimepelekwa kunolewa. Fundi wa mashine aliyajua yote hayo, na angeniambia kwa nusu dakika kama ningemuuliza. Alhamisi saa tisa alasiri mama akaja, akakuta kadi zake bado ni karatasi kubwa zenye wino mbichi. Hakupiga kelele. Aliketi kwenye benchi, akaweka pochi mapajani, akasema kwa sauti ya chini: "Mwanangu, ungenitajia Jumamosi tangu siku ile ya Jumatatu, ningesogeza kikao. Sasa watu wako njiani."

Kadi zilitoka Jumamosi. Hata ningesema ukweli tangu mwanzo, zingetoka Jumamosi hiyo hiyo. Mashine isingekwenda kasi zaidi wala polepole zaidi. Aibu aliyoipata mama yule mbele ya kamati ilitokana na Alhamisi niliyompa mimi, siku ambayo sikuwa nayo. Nimefanya kazi miaka mingi tangu hapo, nimesimamia watu, nami nimesimamiwa, na bado naamini kwamba sehemu kubwa ya ugomvi wa kazini huanzia pale mtu anapotoa siku asiyokuwa nayo. Ndiyo sababu ya kuandika makala hii.

Tuanze na maneno yenyewe. Kiswahili chetu ni lugha ya kufariji, na faraja zake nyingi, zikisemwa mezani pa kazi, huwa deni bila msemaji kutambua. "Usijali." "Hilo dogo." "Niachie mimi." "Nipo njiani." "Imebaki kupiga pasi tu." Anayesema anadhani ametuliza moyo wa mtu, anayesikia ameshaanza kupanga siku yake juu ya neno hilo. Amempigia dereva, ameahirisha safari, naye amemwahidi mtu wa tatu. Fundi cherehani anayemwambia mteja wake wiki moja kabla ya Idi "wewe njoo Jumatano" huenda anamaanisha kwamba Jumatano watatazamana waone kazi imefika wapi. Mteja amesikia kwamba Jumatano atavaa.

Hata kunyamaza ni kuahidi. Kwenye kikao cha Jumatatu mkuu wa idara anasema, "Basi ripoti ya mauzo utaileta Jumatano," akikutazama, kisha anaendelea na ajenda inayofuata. Hukujibu. Ulikuwa unaandika, au uliona haya kumkatiza. Kwenye muhtasari wa kikao jina lako litakuwa pembeni ya neno Jumatano, na hiyo ni ahadi kamili kama uliyoitamka kwa kinywa chako. Kama siku hiyo haiwezekani, mahali pa kusema ni hapo hapo kikaoni, au mlangoni mkitoka, kabla muhtasari haujachapwa. Baada ya hapo kusema kunaitwa utetezi.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu wengi wetu tunajiona hatuna tatizo la ahadi. Mimi nilikuwa hivyo. Ningeulizwa mwisho wa wiki yoyote nimeahidi mambo mangapi, ningesema mawili. Baadaye nilipoanza kuandika, nikagundua kwamba kwa siku moja tu nilikuwa nafika saba au nane, na nyingi hazikuwa na siku wala saa, zilikuwa "nitakupigia" na "nitakuangalizia". Chukua karatasi kesho, uiweke mfukoni, uandike kila mara unapomwambia mtu kwamba utafanya jambo. Fanya hivyo siku moja tu. Utashangaa.

Sasa kwa nini mtu mwaminifu, asiye na nia ya kudanganya, hutoa siku asiyokuwa nayo? Sababu ya kwanza ni ile ya kwangu na mama mwenye kadi: tunataka kupendeza. Ya pili ni ngumu zaidi kuiona, na wataalamu wameichunguza vizuri.

Mwanasaikolojia Daniel Kahneman, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002, alisimulia jambo lililompata yeye mwenyewe miaka ya 1970 huko Israeli. Alikusanya kundi la wataalamu waandike kitabu cha kiada cha shule za sekondari. Baada ya kazi kuanza, aliwaomba kila mmoja aandike kimyakimya anadhani itachukua muda gani mpaka ikamilike. Majibu yote yalizunguka miaka miwili, mwenye pupa akitaja mwaka mmoja na nusu, mwenye tahadhari miwili na nusu. Kisha akamgeukia mmoja wao, mtaalamu wa mitaala, akamwuliza: makundi mengine kama letu uliyowahi kuyaona yalichukua muda gani? Yule bwana alinyamaza kwanza. Akajibu kwamba karibu asilimia 40 hayakumaliza kabisa, na yaliyomaliza hakumbuki hata moja lililotumia chini ya miaka saba. Ajabu ni kwamba dakika chache kabla, mtu huyo huyo aliyekuwa na habari zote hizo kichwani naye alikuwa ametaja miaka miwili kama wenzake. Kitabu kilikamilika baada ya miaka minane.

Simulizi hiyo naipenda kwa sababu hakuna mwongo ndani yake. Kila mmoja aliitazama kazi iliyokuwa mbele yake, akahesabu sura za kuandika, akagawa kwa wiki. Hakuna aliyehesabu mjumbe atakayeugua, ofisi itakayobadilisha mkuu wake, rasimu itakayorudishwa. Mambo hayo hayaonekani ukitazama mbele. Yanaonekana ukitazama nyuma, kwa sababu nyuma yalishatokea.

Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross walilipima jambo hili kwa wanafunzi wa chuo kikuu huko Canada waliokuwa wanaandika tasnifu zao, wakachapisha matokeo mwaka 1994. Kwa wastani wanafunzi walisema watamaliza kwa siku 34 hivi. Walitumia siku zaidi ya 55. Kilichonigusa zaidi ni kwamba waliombwa pia wakisie kama mambo yote yangekwenda vibaya kabisa kadiri inavyowezekana, na hata hapo walitaja siku 49 hivi. Yaani hata hofu yetu inakadiria pungufu.

Dawa yake, basi, ni kuacha kuukisia muda na kuanza kuukumbuka. Nilinunua daftari la kawaida la mistari, nikachora safu nne: aina ya kazi, siku niliyoahidi, siku kazi ilipotoka kweli, na sababu kama zilitofautiana. Nililijaza kwa miezi mitatu bila kumwonyesha mtu. Safu ya nne ndiyo iliyonifundisha. Nilikuwa nimezoea kusema tunacheleweshwa na umeme na mashine. Daftari likaniambia kwamba kazi za kadi zilichelewa hasa kwa sababu wateja walikaa na pruufu. Tunawapa karatasi ya mfano wasahihishe majina, wanaondoka nayo, wanaipitisha kwa shangazi na kwa baba mdogo wa bwana harusi, inarudi baada ya siku mbili na jina la ukumbi limebadilika. Mimi nilikuwa nahesabu siku zangu tangu mteja alipoingia mlangoni, wakati saa ya mashine ilianza pale pruufu iliporudi ikiwa na saini.

Tangu hapo nikabadilisha namna ya kusema. Badala ya "njoo Alhamisi" nikawa nasema: "Kazi hii ni siku nne za kazi, tunazihesabu tangu utakaporudisha pruufu yenye saini yako na malipo ya awali. Ukirudisha leo kabla ya saa kumi, ni Ijumaa. Ukirudisha kesho, ni Jumamosi." Wateja hawakuchukia. Wengine walisahihisha pale pale mezani, wamesimama, kwa sababu sasa walijua kwamba siku yao imo mikononi mwao pia.

Ofisini mambo ni hayo hayo, mashine ndiyo haipo. Ukiombwa barua ya uthibitisho, jiulize ni nani atakayeisaini. Kama ni mkurugenzi, na mkurugenzi yuko Dodoma mpaka Alhamisi, huwezi kuahidi barua iliyosainiwa Jumatano. Unaweza kuahidi jambo moja tu: "Leo kabla ya saa tisa barua itakuwa kwenye faili la mkurugenzi. Akirudi, nitamkumbusha mwenyewe." Ahidi hatua iliyo chini ya mkono wako. Mhasibu aahidi kwamba ataingiza malipo kwenye mfumo leo. Asiahidi kwamba fedha zitakuwa kwenye akaunti yako kesho, maana kati yake na akaunti yako kuna benki. Wakala wa forodha aahidi kwamba nyaraka atazipeleka asubuhi. Kontena kutoka bandarini lina wakubwa wengine.

Kuna mfano mkubwa tulio nao karibu. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi nchini Zambia, ilikubaliwa kati ya Tanzania, Zambia na China mwezi Septemba 1967. Ujenzi ulianza mwaka 1970. Miaka iliyo katikati wapimaji waliitumia porini, wakipita kwa miguu mahali ambapo reli ingepita, wakiangalia mito, vinamasi na udongo wa milimani. Sehemu ya kutoka Mlimba kwenda Makambako, yenye madaraja na mahandaki mengi, ilikuwa ngumu kuliko zote. Hata hivyo mwaka 1975 reli ilifika Kapiri Mposhi, kabla ya muda uliokuwa umepangwa, na mwezi Julai 1976 ikakabidhiwa rasmi. Watu hutaja kasi ya ujenzi na wingi wa wafanyakazi, na ni haki kuvitaja. Mimi huwakumbuka wale waliotembea kwanza. Mtu aliyekwisha kulipita bonde kwa miguu ana haki ya kusema daraja litachukua miezi mingapi.

Kwa kazi zetu ndogo kutembea huko ni dakika tano. Mteja au mwenzako akikuuliza "lini?", jibu sahihi mara nyingi ni: "Nipe mpaka saa nane mchana nikuulizie, nitakupigia mimi." Kisha nenda nyuma. Waulize watakaoshika kazi. Usimwulize fundi "itawezekana Alhamisi?", kwa maana naye ni binadamu, naye anataka kukupendeza, atasema ndiyo. Mwulize "una nini mezani sasa hivi, na hii ukiipata leo utaianza lini?" Acha tarehe itoke kwake. Na saa nane ikifika, piga simu hata kama jibu hujalipata. Ahadi ile ndogo ya kupiga simu ndiyo kipimo cha kwanza ambacho mteja anakupima nacho.

Siku na saa nazo ziwekwe wazi. "Mwisho wa wiki" kwa mmoja ni Ijumaa jioni, kwa mwingine ni Jumapili. "Asubuhi" inaanza saa kumi na mbili na inaishia wapi sijui mtu anayekubaliana na mwenzake. Na ukiwa unafanya kazi na mgeni asiyehesabu saa zetu, ukimwambia saa nne naye akaandika nne ya kwao, atakuja jioni wakati wewe ulimsubiri asubuhi, na wote wawili mtakuwa wakweli. Taja saa, taja ni ya asubuhi au ya jioni, mwombe airudie.

Nigusie na "inshallah". Nimekulia miongoni mwa watu wanaoitamka kwa moyo, wakimaanisha kwamba mtu hupanga na Mungu ndiye mwenye kesho. Kurani yenyewe, katika Sura ya Al-Kahf, inamfundisha mwenye kusema atafanya jambo kesho asisahau mapenzi ya Mungu. Ni neno la unyenyekevu, linalomkumbusha msemaji kwamba hana umiliki wa siku inayokuja. Kinachonisikitisha ni kuona baadhi yetu kazini tukilifanya pazia la kujifichia: hatuna nia ya kufanya, hatutaki kusema hapana, tunasema "inshallah", na mteja anarudi nyumbani hajui kama amepewa siku au amekataliwa kwa adabu. Anayelisema kwa haki hufanya yote yaliyo kwenye uwezo wake kwanza, ndipo anapomwachia Mungu yaliyobaki. Kama jibu lako ni hapana, jina la Mungu lisibebeshwe hapana hiyo.

Kusema hapana ndipo penye ugumu wenyewe, hasa kwa aliye juu yako. Tumelelewa kuwatii wakubwa. Mtu mzima akikuambia jambo, ukiwa kijana, jibu linalokuja mdomoni ni "ndiyo, mzee" au "sawa, mama", na ulimi umeshalisema kabla akili haijapima. Sisemi malezi hayo ni mabaya. Nayathamini, na wanangu nawalea hivyo hivyo. Nasema kwamba kumheshimu mkubwa ni pamoja na kumlinda asisimame mbele ya wakubwa wake na tarehe ya uongo uliyompa wewe.

Namna moja iliyonifaa ni kuikubali kazi na kumrudishia mkubwa uchaguzi. Bosi anakuja na faili jipya Jumanne, analitaka Ijumaa, na mezani tayari una ripoti ya mauzo ya Ijumaa hiyo hiyo. Mwambie: "Sawa, mzee, nimeipokea. Ijumaa nina ripoti ya mauzo pia. Zote mbili hazitatoka vizuri siku hiyo. Ungependa ipi itangulie, nyingine niilete Jumanne?" Hapo hujakataa. Umemwonyesha meza yako, ambayo yeye haioni. Mara nyingi atachagua kwa sekunde tatu. Mara nyingine atasema zote Ijumaa, na hapo una haki ya kusema kwa utulivu: "Nitaanza na hii uliyoleta leo. Alhamisi mchana nitakuja kukuambia ile nyingine imefika wapi, ili ujue mapema." Kisha Alhamisi mchana uende kweli, usingoje atumwe mtu kukutafuta.

Kwa mteja mkubwa wa umri kuliko wewe, heshima itangulie na tarehe isimame. "Shikamoo, baba. Kazi yako naitaka sana, ndiyo maana sitaki nikudanganye. Alhamisi hatutaweza. Jumamosi saa nne asubuhi itakuwa tayari, na nikiona inawahi nitakupigia." Wapo waliokwenda duka la jirani baada ya maneno hayo. Niliumia kila mara, na mwenye kiwanda aliumia zaidi, akaniita ofisini mara mbili kuniuliza kama nafukuza wateja. Nilimwonyesha daftari. Waliobaki walikuwa na sababu ya kubaki.

Sasa niwageukie wanaosimamia watu, kwa maana ahadi zao ndizo zinazovunja mioyo. Mteja aliyekosa kadi anapata hasara ya siku mbili. Kijana aliyeambiwa "vumilia, mwakani tutakuajiri" anaweza kukaa miaka mitatu kwenye kibarua, akikataa nafasi nyingine, akiwaambia wazazi wake kijijini kwamba bosi amesema. Nimewaona. Msimamizi aliyelisema neno hilo pengine alilisema koridoni akiwa na haraka, siku ambayo kijana alifanya kazi nzuri, naye alitaka kumtia moyo. Yeye amesahau wiki ile ile. Kijana analikumbuka mpaka na shati alilovaa bosi.

"Nitakuangalia mwisho wa mwaka." "Mshahara wako tutaurekebisha bajeti ikipita." "Nafasi ya msaidizi ni yako hiyo." Kama huna mamlaka ya kuyatimiza, usiyatamke, hata kwa nia njema. Sema lile uliloliona: "Kazi ya leo umeifanya vizuri sana, hasa ulivyowasikiliza wale wateja wawili." Sifa ya kweli inamtosha mtu siku hiyo, na haimfungi kwa kesho. Kama unataka kumpigania, sema utakachokifanya wewe: "Kwenye kikao cha bajeti cha mwezi wa tano nitapendekeza jina lako. Uamuzi ni wa meneja, sijui atasema nini. Nitakuambia jibu siku hiyo hiyo, liwe zuri au baya." Na jibu likiwa baya, mwambie siku hiyo hiyo.

Wenye mamlaka nao wakumbuke kwamba maneno yana uzito mbele ya sheria. Nchini Tanzania sheria ya mikataba haidai kila makubaliano yaandikwe ndipo yafunge. Kwa mambo mengi mdomo unatosha. Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri wa Tanzania Bara ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi ya ajira yake, yakiwemo ya mshahara na marupurupu. Kesi ikifika mahali pake na mwajiri akashindwa kuonyesha mkataba wala maelezo hayo, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa unakuwa juu yake yeye. Kwa hiyo meneja anayependa kuahidi kwa mdomo na hapendi kuandika anajiwekea mtego mwenyewe. Kwa mfanyakazi, ushauri wangu ni mmoja: ukiahidiwa jambo la fedha au la cheo, jioni hiyo mtumie mkubwa wako ujumbe mfupi wa shukrani unaotaja alichosema na lini. "Asante, mama, kwa mazungumzo ya leo. Nimeelewa kwamba kuanzia Julai posho ya usafiri itaongezwa." Kama hukumwelewa, atakusahihisha. Kama ulimwelewa, limeandikwa.

Pamoja na tahadhari zote, ipo siku ahadi itavunjika. Mashine itaharibika, mtoto atalazwa, mzigo utakwama njiani. Hapo ndipo watu wazuri hufanya jambo baya kuliko kuchelewa: huzima simu. Wanaujua ukweli tangu Jumanne, wanausitiri mpaka Alhamisi, wakitumaini muujiza. Kila saa unayoificha habari hiyo ni saa unayomnyang'anya mwenzako, kwa maana alikuwa na uwezo wa kusogeza kikao, kukodi mahali pengine, kumwomba radhi mtu wake mapema. Ukijua, sema siku hiyo hiyo. Piga simu, usiandike, kama jambo ni kubwa. Anza na habari yenyewe: "Mama, kadi hazitakuwa tayari Alhamisi." Usianze na hadithi ya umeme, atasikiliza hadithi yote akiwa na roho juu, akingoja mwisho wake. Sababu mpe kwa sentensi moja. Kisha mpe kile kinachowezekana. Pengine kadi 60 za watu wa mikoani zinaweza kukatwa kwa mkono na kutoka kwanza, zipande basi mapema, za mjini zifuate.

Na hapa kuna hatari ambayo sikuiona mpaka nilipoingia humo mara nyingi: ahadi ya pili. Mtu aliyevunja ya kwanza ana aibu, na aibu inamfanya ataje siku ya karibu mno ili kupunguza makali. "Samahani sana, kesho asubuhi bila shaka." Hakwenda nyuma kuuliza. Kesho asubuhi inavunjika nayo, na sasa mteja ana sababu ya kuamini kwamba yote ni uongo. Ukilazimika kutaja siku ya pili, taja ile ambayo fundi amekuambia, kisha ongeza nusu siku juu yake. Simu ya pili ya kuomba radhi ni nzito kuliko kukaa sekunde kumi kwenye simu ya kwanza ukiusikiliza ukimya wa mtu aliyekasirika.

Inawezekana unasoma haya na tayari umejitwika ahadi nyingi kuliko siku zako. Nilikuwa hivyo mwaka mmoja mwezi Desemba, msimu wa kalenda na shajara, wakati kila kampuni mjini inataka yake kabla ya Krismasi. Usiku mmoja niliketi nikaziandika zote kwenye karatasi moja, zile za mezani na zile za koridoni, za wateja, za mwenye kiwanda, za nyumbani. Nilizipanga kwa kujiuliza swali moja tu: ni nani bado ananiamini? Waliokuwa wakinipigia kila saa walikwisha kujua kwamba mambo si mazuri. Walikuwa wameanza kujipanga. Aliyekuwa hatarini zaidi ni yule ambaye hajawahi kupiga, mwalimu mkuu mmoja mzee aliyeagiza kalenda 400 za shule yake kwa ajili ya mahafali ya Jumamosi. Hakupiga kwa sababu nilimwambia asijali, naye hakujali.

Asubuhi saa moja na nusu nilimpigia yeye kwanza. Nilimwamkia, nikamwambia kalenda zake zitakuwa tayari Jumatatu, hazitawahi mahafali. Alikaa kimya kitambo. Kisha nikasikia akimwita mtu upande wa pili, pengine makamu wake, akimwuliza kama ratiba ya Jumamosi imeshachapwa, na yule akajibu kwamba bado.